Ajali ya Ulevi Ina Kinga

Yafuatayo ni maelezo kamili ya mazungumzo juu ya ulevi na majeruhi wa barabarani, yaliyoandaliwa kwa ajili ya wananchi wa Kibiti na delta ya Rufiji.

Waswahili husema kwamba ajali haina kinga. Usemi huo hutamkwa karibu kila penye msiba: nazi inapomwangukia mpita njia, au mtumbwi unapopinduliwa na dhoruba iliyozuka ghafla. Una hekima yake, maana humliwaza mfiwa na kumkumbusha binadamu kwamba hana mamlaka juu ya kila jambo. Lakini usemi huo huo, ukitumiwa mahali pasipo pake, hugeuka kuwa pazia la kufunika uzembe. Dereva aliyekunywa kupindukia, kisha akamgonga mtoto kando ya barabara, hawezi kulinganishwa na nazi. Nazi haikuchagua kuanguka. Dereva alichagua kunywa, kisha akachagua kushika usukani. Katika kila uchaguzi palikuwa na mlango wa kupitia, na kila mlango aliufunga mwenyewe.

Kwa hiyo, jambo la kwanza linalopasa kukubaliwa na watu wote ni hili: ajali itokanayo na ulevi ina kinga, na kinga hiyo imo mikononi mwa binadamu. Jambo hili likikubaliwa, mengine yote yanaweza kujadiliwa. Lisipokubaliwa, wananchi wataendelea kuzika vijana wao na kumsingizia Mwenyezi Mungu.

Inafaa ikumbukwe jinsi barabara ilivyobadilika katika sehemu hizi. Kwa miaka mingi msafiri aliyetoka Dar es Salaam kwenda Kilwa, Lindi na Mtwara alilazimika kusimama Ndundu na kusubiri pantoni ya kumvusha Mto Rufiji. Mto ulipofurika alisubiri zaidi, na wakati wa masika magari yalikwama matopeni siku nyingi. Mwaka 2003 lilifunguliwa Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu kilomita moja, na adha ya pantoni ikaisha. Sehemu ya kutoka Ndundu hadi Somanga ilichukua miaka mingi zaidi kutiwa lami, lakini nayo hatimaye ilikamilika. Leo gari likitoka Mkuranga hupita Bungu, Kibiti na Ikwiriri bila ya kizuizi cha mto wala tope.

Hayo ni maendeleo makubwa, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayetamani kurudi kwenye pantoni. Hata hivyo kila maendeleo huja na wajibu wake. Tope lilimlazimisha kila dereva kwenda polepole, awe amekunywa au hakunywa. Lami haimlazimishi. Kosa ambalo zamani lingemtumbukiza dereva katika dimbwi, leo humtumbukiza kaburini, tena pamoja na watu wasio na hatia.

Badiliko la pili ni pikipiki. Mwaka 2010 zilitolewa kanuni za kutoa leseni kwa pikipiki na bajaji zinazochukua abiria, na tangu hapo bodaboda imeenea hadi vijiji ambavyo havijapata kuona basi. Mama anayetoka delta na kushuka chomboni Nyamisati hupata pikipiki ya kumfikisha Bungu. Mkulima wa korosho hupeleka gunia lake mnadani. Mgonjwa hufikishwa zahanati. Kwa kijana asiye na mtaji, pikipiki ni jembe lake. Lakini jembe hili lina magurudumu mawili tu, halina ukuta wa kumkinga mpandaji, na humtaka dereva awe na macho makali na mizani kamili ya mwili. Hivyo ndivyo viungo vya kwanza vinavyoibiwa na pombe.

Badiliko la tatu ni la karibuni zaidi. Mwaka 2023 mabasi ya abiria yaliruhusiwa tena kusafiri usiku baada ya miaka mingi ya katazo. Usiku ni wakati wa usingizi, wa giza na wa watu kutoka vilabuni. Yote matatu yakikutana juu ya lami moja, hatari huongezeka.

Ndugu wananchi, tatizo hili si la Kibiti peke yake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu wapatao milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani ulimwenguni. Katika kila vifo 10, zaidi ya 9 vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ingawa nchi hizo zina kama asilimia 60 tu ya magari yote. Zaidi ya nusu ya waliokufa walikuwa watembea kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Na kwa watu wenye umri wa miaka 5 hadi 29, ajali za barabarani ndizo zinazoua kuliko ugonjwa wowote.

Maana ya tarakimu hizo ni nzito. Maskini, ambaye hana gari, ndiye anayeuawa na gari. Nchi yenye magari machache ndiyo yenye makaburi mengi. Sababu zake ni kadhaa: barabara zisizo na njia ya waendao kwa miguu, magari mabovu, mwendo wa kasi, kofia ngumu zisizovaliwa, na hospitali zilizo mbali. Pombe huingia katika kila sababu na kuizidisha. Aliyelewa hukimbia zaidi, husahau kofia, haoni kibao, na anapoumia huwa vigumu hata kwa mganga kutambua kama kupoteza fahamu kwake kumetokana na kilevi au na jeraha la kichwa.

Wapo wanaodhani kuwa mlevi ni yule tu anayepepesuka na kuimba njiani. Dhana hiyo ni potofu na imeua watu wengi. Pombe haianzi na miguu. Huanza na akili. Kabla mtu hajapepesuka, tayari uwezo wake wa kukadiria umbali umepungua, jicho lake limechelewa kuona, na mkono wake umechelewa kufuata jicho. Ubaya zaidi ni kwamba pombe hiyo hiyo humpa ujasiri. Humwambia kuwa yeye ni dereva hodari kuliko alivyokuwa asubuhi. Kwa hiyo mtu aliyekunywa ndiye hakimu mbaya kuliko wote wa ulevi wake mwenyewe.

Tena pombe haiondoki mwilini kwa kutaka kwa mnywaji. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 huhesabu kuwa ni kosa kuendesha gari mtu akiwa na zaidi ya miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu. Kwa wastani ini la binadamu huondoa kama miligramu 15 hivi kwa saa. Ikiwa mtu ameacha kunywa saa sita ya usiku akiwa na miligramu 160, saa kumi na moja alfajiri atakuwa amepunguza 75 tu. Zitabaki 85. Amelala, ameamka, amenawa uso na amekunywa kahawa, lakini mbele ya sheria bado ni mlevi, na mbele ya abiria wake ni hatari. Kahawa, maji ya baridi, ndimu na supu havikuzi kasi ya ini. Dawa ya pekee ni saa.

Katika sehemu hizi hesabu hiyo ni ngumu zaidi, kwa sababu vinywaji vingi havina kipimo. Bia ina tarakimu yake juu ya chupa. Tembo la mnazi halina. Likigemwa asubuhi huwa tamu na jepesi. Likikaa hadi jioni huwa limechacha na kuwa kali, nalo limo katika kibuyu kile kile na hunywewa kwa kikombe kile kile. Mtu hujiambia kuwa amekunywa vikombe viwili kama jana, kumbe vya leo si vya jana. Msimu wa korosho ukifika kuna pombe ya mabibo. Na kuna gongo, ambalo hupikwa kwa kificho, ukali wake haujulikani na mnywaji wala muuzaji.

Hapa pana jambo linalopasa kusemwa kwa uwazi. Watu wengi wa pwani hii ni Waislamu, na dini yao imekataza kileo. Kwa sababu hiyo wapo wanaojidanganya kuwa ulevi si tatizo la Rufiji. Ukweli ni kwamba palipo na aibu mnywaji hujificha. Hawezi kunywa nyumbani kwake akalala. Huenda kijiji cha pili, au kilabu kilicho kando ya barabara kuu ambako hajulikani, hunywa kwa haraka, kisha hupanda pikipiki usiku ili arudi kabla majirani hawajamwona. Aibu ambayo ingepaswa kumzuia asinywe humfanya aendeshe akiwa amelewa. Haifai kabisa kuondoa aibu ya ulevi. Lakini ni lazima aibu kubwa zaidi iwekwe mahali pake, yaani juu ya usukani. Jamaa anayempokea mlevi ili alale barazani hadi asubuhi hakuunga mkono ulevi. Ameokoa roho, na pengine zaidi ya moja.

Wala haifai kumtazama dereva peke yake. Mlevi anayetembea kwa miguu katikati ya barabara usiku, akiwa amevaa nguo nyeusi, naye huuawa, na mara nyingine husababisha basi zima kuacha njia. Hata akigongwa na dereva asiyeonja kileo, chanzo cha kifo chake ni pombe. Sheria ya kumpima dereva haimfikii mtu huyu. Anayeweza kumfikia ni mwenzake waliyekaa naye kilabuni, akamshika mkono na kumpeleka nyumbani kwa njia ya shambani.

Ndugu wananchi, uzito wa majeraha hautegemei ajali tu. Hutegemea pia muda unaopita kabla ya matibabu. Mtu aliyevunjika paja akiwa karibu na hospitali kubwa ana matumaini. Aliyevunjika paja akiwa katika visiwa vya delta, miongoni mwa mikoko, lazima kwanza asubiri maji yajae ili chombo kiweze kutoka katika mto mdogo. Kisha asafiri hadi Nyamisati. Kisha achukuliwe na gari hadi Kibiti. Na ikiwa jeraha ni kubwa, apelekwe Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 120 kutoka Kibiti. Bahari haina huruma na saa za majeruhi: hujaa kwa wakati wake na kupwa kwa wakati wake. Aliyeumia kando ya barabara ya lami ana safari fupi zaidi, lakini naye huhitaji damu, mpasuaji na kitanda, na vyote hivyo ni adimu.

Chukuliwe mfano wa kijana wa bodaboda, ambao kila msikilizaji anaweza kuulinganisha na mtu anayemfahamu. Pikipiki si yake. Humpelekea mwenye mali hesabu ya kila siku. Biashara ikiwa mbaya hadi magharibi, hukaa kijiweni na wenzake, hupata kikombe kimoja cha kuondoa uchovu, halafu cha pili. Ndipo abiria anapofika, na hesabu haijatimia. Anaondoka. Wakianguka, mguu wa kijana hukatwa na abiria huumia kichwa. Mwenye pikipiki hudai mali yake. Baba wa kijana huuza mikorosho iliyopandwa na babu yake ili kulipa gharama. Mdogo wake wa kike huacha shule amuuguze. Baada ya mwaka mmoja nyumba iliyokuwa na nguvu kazi mbili haina hata moja. Katika daftari la polisi huenda ikaandikwa kuwa chanzo ni mwendo wa kasi. Kikombe hakikuandikwa popote.

Jambo hilo la kuandika ni muhimu. Katika nchi nyingi maskini majeruhi hapimwi kilevi anapofikishwa hospitali, wala maiti haipimwi. Kisichopimwa huonekana kama hakipo, na kisichokuwapo hakitengewi fedha. Wilaya ya Rufiji, ambayo Kibiti ilikuwa sehemu yake hadi katikati ya miaka ya 2010, imepata sifa katika elimu ya afya kwa sababu watafiti walianza mwaka 1998 kufuatilia kaya, uzazi na vifo kijiji kwa kijiji. Watu wa Rufiji wanajua basi thamani ya kuhesabu. Daftari lile lile la zahanati linaloandika homa na kuhara linaweza kuandika pia: aliumia barabarani, alikuwa amekunywa au hakunywa, alivaa kofia au hakuvaa.

Sheria zipo, na baadhi zimeleta faida. Tarehe 1 Machi, 2017, Tanzania ilipiga marufuku pombe kali ya pakiti za plastiki, maarufu kama viroba. Zilikuwa rahisi kwa bei, ziliingia katika mfuko wa shati, na dereva aliweza kunywa moja akiwa kijiweni bila ya mtu kujua. Kenya ilianza kuwapima madereva kwa kipimo cha pumzi mwezi Desemba, 2013. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ya nchi hiyo ikaona kuwa kanuni zake hazikuafikiana na sheria mama ya barabara. Fundisho lake ni kuwa kifaa hakitoshi. Sheria nayo hapana budi itungwe kwa uangalifu. Kuhusu kiwango chenyewe, Shirika la Afya Duniani hushauri kiwe miligramu 50 kwa madereva wa kawaida na 20 kwa vijana na wanaoanza. Kiwango cha 80 cha mwaka 1973 kiliwekwa wakati magari yalikuwa machache na bodaboda haijulikani. Ni haki kuuliza kama hakijapitwa na wakati.

Lakini hata sheria iliyo bora ina mipaka. Askari wa usalama barabarani anaweza kusimama Bungu au Ikwiriri. Hawezi kusimama katika kila njia ya mchanga itokayo mashambani. Penye askari mmoja pana vichochoro kumi. Kwa hiyo ulinzi wa kweli lazima uanzie kwa wananchi wenyewe, na wanazo nyenzo.

Kwanza, vijiwe vya bodaboda. Vingi vina viongozi na taratibu za zamu. Kijiwe kinachoweza kumwadhibu anayeruka zamu kinaweza pia kumnyang'anya funguo aliyekunywa, hadi kesho yake. Nao wenye pikipiki wafahamu kuwa hesabu isiyojali hali ya siku ni mjeledi unaomsukuma kijana barabarani wakati asiofaa.

Pili, abiria. Anayempanda dereva anayenuka pombe kwa sababu nauli yake ni nafuu amenunua hatari kwa fedha yake mwenyewe. Kukataa ni haki yake, na kuwaonya wengine ni wajibu wake. Aidha adai kofia ngumu. Uchunguzi wa nchi nyingi umeonyesha kuwa kofia hupunguza hatari ya kifo kwa mpanda pikipiki kwa kama asilimia 40, na hatari ya jeraha la kichwa kwa karibu asilimia 70.

Tatu, wauzaji. Mgema ana watoto wa kulisha, na hakuna anayemtaka afe njaa. Lakini mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Na muuzaji akiachwa bila masharti, huuza hata kwa mtu aliyeegesha pikipiki mlangoni na funguo zikiwa mkononi. Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 inataka leseni na saa maalum za kuuza. Izingatiwe.

Nne, serikali za vijiji. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inaipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo, zikisha kuridhiwa na wilaya. Kijiji kinaweza kuamua vilabu visiwe kando ya barabara kuu, na visifunguliwe asubuhi wakati wa kazi. Vijiji vya delta vinaweza kuagana na wenye vyombo ili kimoja kiwe tayari kwa majeruhi wakati wowote, na nahodha wake awe mtu asiyekunywa, maana mlevi majini ni sawa na mlevi barabarani.

Tano, elimu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 nchini Tanzania kusikiliza redio katika vikundi, kujadiliana, kisha kutoka na kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Hawakuishia kusikiliza. Njia hiyo haijazeeka. Kikundi kinachojadili ajali iliyotokea kijijini mwake, kikataja saa, mahali na chanzo bila ya kuogopana, kitajua la kufanya kuliko kinachosomewa tangazo kutoka mbali. Humo humo wafundishwe huduma ya kwanza: damu izuiliwe kwa kukandamiza kitambaa safi, aliyeumia shingo au mgongo asiburutwe, na aliyezimia asinyweshwe kitu chochote.

Ndugu wananchi, hakuna linaloombwa hapa ambalo ni ghali. Funguo zikichukuliwa kwa saa chache hazimtii mtu umaskini. Kulala barazani kwa jamaa hakumvunjii mtu heshima. Kumkataa dereva mlevi humchelewesha mtu safari, lakini humfikisha. Barabara ya Kibiti ilisubiriwa kwa muda mrefu na watu waliochoka kukwama matopeni. Walichotaka ni njia ya kuuzia samaki na korosho, ya kuwapeleka wagonjwa na kuwarudisha watoto kutoka shuleni. Kuitunza njia hiyo si kuziba mashimo yake tu. Ni pamoja na kuhakikisha kwamba kila anayeishika ana akili zake timamu.